Laptopu Iliyogoma Kebirigo

Laptopu ninayotaka kuwasimulia ilikuwa na umri mkubwa kuliko msichana aliyeitumia. Ilianza kazi katika ofisi moja huko Uingereza. Ilipochakaa ikauzwa, ikapakiwa kwenye kontena pamoja na nyingine za rika lake, ikashushwa Mombasa, na baada ya kupita mikono kadhaa ikanunuliwa Nairobi na kijana aliyekuwa amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Kisii. Wauzaji wetu huziita eksi-yukei. Ni nzito, ni nene, na betri yake unaichomoa kwa kusukuma vitasa viwili tu. Msizidharau, zimesomesha wengi.

Kijana alipohitimu alimwachia binamu yake, msichana wa gredi ya nane, nyumbani kwao Kebirigo katika kaunti ya Nyamira. Hakufuta kitu. Ndani mlibaki kazi zake za chuo, barua za kuomba kazi, na picha za mazishi ya babu yao ambazo hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote. Zikumbukeni picha hizo, zitatuhangaisha mbele ya safari.

Sasa, kwa wale ambao hamjawahi kukaa Gusii, niwaeleze alasiri za huku. Asubuhi jua hutoka vizuri na wachuma chai huingia shambani mapema. Jua likipanda, nchi kavu hushika joto haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria, na upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea bara. Upepo huo hupanda vilima vya Kisii na Nyamira, na huku juu hukutana na upepo mwingine unaotoka mashariki. Hewa ikibanwa pande zote mbili haina njia ila kwenda juu. Kule juu ni baridi, mvuke hugeuka mawingu, na ifikapo saa nane au saa tisa mchana mbingu imekuwa nyeusi tititi. Ndiyo maana Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana pia radi za huku hazina mzaha. Huua ng'ombe malishoni na watu chini ya miti. Radi moja huipasha hewa inayopita joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, kama mara tano ya joto la uso wa jua.

Siku ya kisa chetu msichana alikuwa mezani anaandika insha, laptopu imechomekwa kwenye ekstensheni pamoja na redio na simu ya mama. Radi ikapiga. Haikupiga nyumba yao, ilipiga mbali kidogo, ng'ambo ya mto. Lakini nyaya za stima hupita huko na huko, na radi ikishuka karibu na waya, msukumo wake husafiri ndani ya waya huo mpaka majumbani. Stima ikapotea. Ikarudi kwa nguvu, balbu ikang'aa kupita kiasi, ikapotea tena. Laptopu ikazimika papo hapo, kwa kuwa betri yake ilikuwa imechoka zamani na haikuweza kuiweka macho hata dakika chache.

Usiku stima iliporudi na kutulia, laptopu haikuwaka. Hakuna taa, hakuna sauti, hakuna joto.

Mnajua yanayotokea nyumbani kitu kikikataa kuwaka. Kaka mdogo alikibonyeza kitufe mpaka kidole kikauma. Nyanya yao, ambaye nyumbani humwita magokoro, alisema iachwe ipumzike, pengine imeshtuka. Mama alishauri ianikwe. Anko aliyeko Nairobi alipigiwa simu, na kabla hajamaliza kusikiliza akatoa hukumu: mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani, imeungua, tafuteni nyingine. Kati ya hao wote, aliyekaribia ukweli ni magokoro. Mtaona.

Jumamosi msichana akaifunga laptopu ndani ya shuka, akaipakata kwenye matatu hadi mjini Kisii. Alimtafuta fundi mmoja wa kike mwenye chumba ghorofani, si mbali na soko la Daraja Mbili, ambaye mwalimu wao alimsifu kwamba haibi vipuri.

"Anti, laptopu yetu imekufa."

"Nani kasema imekufa?"

"Anko."

"Ameiona?"

"Hapana. Yuko Nairobi."

Fundi akacheka, akasukuma kikombe chake cha chai pembeni. Bisibisi alikuwa nayo mkononi, lakini aliiweka chini. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini fundi huyu, na nyinyi mkimwona fundi anayeanza kufungua skrubu kabla ya kuuliza lolote, chukueni mzigo wenu mwende kwingine. Yeye aliuliza. Mara ya mwisho ilipowaka ulikuwa unafanya nini? Kulikuwa na mvua? Ilianguka? Imemwagikiwa chai au maji? Ukibonyeza sasa, kuna taa yoyote, hata ndogo? Unasikia feni? Ukiweka kiganja chini yake, pana joto?

Msichana alijibu yote. Ni mtoto wa wakulima wa chai, kwa hivyo fundi akamweleza kwa mambo anayoyajua.

"Majani yenu mkishachuma mnayapeleka wapi?"

"Kituo cha kununulia. Yanapimwa, lori linakuja, linayapeleka kiwandani."

"Kiwanda gani?"

"Wengine Kebirigo, wengine Sanganyi."

"Haya. Siku kiwanda kikikosa majani, meneja anasema kiwanda kimekufa?"

"Hapana. Anauliza lori liko wapi."

"Basi na sisi tuulize lori liko wapi."

Laptopu, watoto wangu, haiamki kwa mkupuo mmoja. Stima hutoka ukutani, huingia kwenye chaja, hufika mazabodi. Mazabodi ikipata nguvu huamsha kichipu kidogo chenye maagizo ya kwanza kabisa, yale yasiyofutika hata ukizima. Kichipu hicho hukagua wenzake: prosesa ipo? kumbukumbu ya muda, yaani ramu, ipo? kibodi ipo? skrini ipo? Wote wakiitika, huenda kuitafuta diski. Kwenye diski ndimo mfumo ulimolala, na mfumo ukiamka ndipo unapoona picha na kusikia sauti ile uliyoizoea. Kila mmoja humkabidhi mwenzake kazi. Kwa hiyo laptopu iliyogoma imegoma mahali fulani, na kwa kawaida huonyesha ni wapi: kwa taa, kwa mlio, au kwa maandishi kwenye skrini. Anayeibonyeza-bonyeza kwa hasira hawezi kuziona dalili hizo.

Ya Kebirigo haikuwa na dalili yoyote. Hiyo pia ni dalili. Ina maana lori halijatoka shambani.

Fundi akachukua chaja, si laptopu. Kwanza alichomeka simu yake kwenye soketi ileile ili ajue soketi ina stima. Ilikuwa nayo. Unaweza kushangaa mbona anakagua soketi ya duka lake mwenyewe, lakini wapo wanaosafiri kutoka Nyamache mpaka Kisii na laptopu nzima kabisa, kumbe ekstensheni ya nyumbani ndiyo mbovu. Kisha akafungua plagi. Plagi zetu za pini tatu, tulizorithi kwa Waingereza, zina fyuzi ndani, kijibomba kidogo chenye uzi ambao hukatika umeme ukizidi ili vingine vipone. Fyuzi ya plagi hii ilikuwa nzima.

Halafu alimpa msichana kile kisanduku cheusi cha katikati ya waya. "Soma hapo."

Maandishi ni madogo na wengi hawajawahi kuyasoma maishani mwao. Yalisema kisanduku hupokea volti 100 hadi 240 na kutoa volti 19.5. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Stima yetu Kenya ni ya volti 240, inayoenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kwa sekunde, na laptopu haiwezi kula chakula hicho. Kisanduku huipunguza na kuinyoosha iende upande mmoja tu. Kwa sababu kimesimama mlangoni, msukumo wa radi ukiingia hukipiga chenyewe kwanza.

Fundi akagusisha ncha za mita yake kwenye mdomo wa waya, moja ndani ya tundu, nyingine nje. Namba ikasimama kwenye sifuri. Akatikisa waya pale unapokunjika karibu na mdomo, mahali ambapo chaja nyingi hukatikia kwa sababu ya kuvutwa. Sifuri.

"Hili hapa lori lenu," akasema.

Kaka mdogo angekuwapo angeomba kukipasua kisanduku aone ndani. Msithubutu. Ndani yake mna kapasita, vijipipa vinavyohifadhi umeme, na hata baada ya kuchomoa plagi vinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 vikimsubiri mwenye kisu. Kisanduku kilichokufa hakifunguliwi nyumbani.

Alitafuta chaja nyingine kwenye sanduku lake la vitu vilivyotumika. Hapa niwape siri ya sokoni, maana chaja za bandia zimejaa na muuzaji atakwambia zote ni sawa. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, kwa sababu laptopu huchukua kiasi inachohitaji, lakini zikipungua chaja itachemka. Na mdomo uingie bila kulegea. Ukitaka kujua chaja ya bandia, ishike mkononi: nyingi ni nyepesi mno.

Chaja ya pili ikachomekwa. Ubavuni mwa laptopu kataa kadogo ka rangi ya chungwa kakawaka, na msichana akapiga makofi.

Akabonyeza kitufe. Taa zikawaka. Feni ikavuma, ikatoa vumbi kidogo. Skrini ikabaki nyeusi.

Makofi yakakoma.

"Usihuzunike," fundi akamwambia. "Asubuhi haikuwa hata na pumzi. Sasa lori limetoka, limekwama njiani tu."

Skrini nyeusi ina maana mbili. Ama kompyuta imeamka lakini huoni, ama haijaamka. Kuzitofautisha ni rahisi. Alizima taa ya chumba, akamulika skrini kwa tochi ya simu kwa upande, kwa sababu taa ya nyuma ya skrini ikifa picha hubaki hapo hafifu sana na tochi huionyesha. Hakukuwa na picha. Akachomeka skrini kubwa ya mezani. Nayo nyeusi. Basi haijaamka.

Jaribio lililofuata hata nyinyi mnaweza kulifanya nyumbani, halina gharama. Alichomoa chaja, akasukuma vitasa, akatoa betri, halafu akakishika kitufe cha kuwashia kikiwa kimebonyezwa, akahesabu hadi thelathini. Mbona ubonyeze kitufe cha mashine isiyo na umeme? Kwa sababu hauishi wote. Mazabodi nayo ina kapasita ndogondogo zinazobaki na mabaki ya chaji, na baada ya mshtuko wa stima mabaki hayo yanaweza kuufanya mtambo ugande, usijue uko macho au umelala. Ukibonyeza kitufe bila betri wala chaja, mabaki hayo humalizika, na mtambo huanza upya kabisa. Laptopu nyingi zilizoandikiwa kifo zimefufuka kwa njia hii. Ndiyo maana nilisema magokoro alikaribia ukweli: imeshtuka, iacheni ipumzike.

Betri yenyewe aliiweka juu ya kioo cha meza na kuizungusha kwa kidole. Ikilala tambarare haizunguki. Ikizunguka kama pia, tumbo limeanza kuvimba. Iliyovimba haichomwi, haitobolewi, haibanwi irudi mahali pake, na haitumiki tena hata kama bado ina chaji, kwa kuwa ndani yake mna gesi na kemikali zinazoweza kushika moto. Ya Kebirigo ilikuwa imechoka tu, haijavimba.

Alirudisha chaja peke yake, bila betri. Akabonyeza. Feni, taa, giza. Lakini safari hii kulikuwa na mlio: tiit, tiit, tiit, kimya, kisha tena.

Fundi akatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mwaka 1981 kompyuta binafsi ya IBM ilipoingia sokoni, ilikuwa na tabia ya kujikagua inapowashwa, na mlio mmoja mfupi ulimaanisha kila kitu kiko sawa. Milio mingine ilimaanisha kuna aliyekosa kuitika. Tabia hiyo ikaendelea kwa kompyuta zilizofuata, ingawa kila kampuni ilijitungia milio yake, na nyingine huacha mlio zikapepesa taa ya Caps Lock. Kwa hiyo ukisikia mlio au kuona taa inapepesa, hesabu, andika kwenye karatasi, kisha utafute maana yake kwa aina ya laptopu yako. Msichana alihesabu, fundi akaangalia kitabu chake cha mkono. Aliyekosa kuitika alikuwa ramu.

Sasa ndipo bisibisi ilipookotwa. Chaja ikachomolewa. Fundi akashika kwanza fremu ya chuma ya dirisha, maana mwili wa mtu hubeba umeme mdogo unaotosha kuua chipu bila wewe kuhisi. Huku Gusii hewa ina unyevu na umeme huo hauna nguvu kama kwenye nchi kame, lakini fundi mzuri hushika chuma hata mvua ikinyesha. Akafungua skrubu moja ya kijimlango cha chini.

Ndani mlikuwa na vumbi, manyoya ya blanketi na mguu mmoja wa mende. Mwenye mguu hakuonekana. Msichana akajikunyata, fundi akamwambia wadudu na kompyuta wamejuana tangu zamani. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, wahudumu wa kompyuta iliyojaza chumba walikuta nondo amekwama kwenye swichi mojawapo. Walimtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, na nondo yule yupo makumbusho hadi leo. Wadudu wanapenda joto, na laptopu ina joto usiku kucha ukiiacha ikichaji.

Vumbi nalo hutofautiana kwa mahali. Fundi alisema laptopu zinazotoka Tabaka, kule wanakochonga mawe ya sabuni, humfikia zikiwa na unga laini mweupe umeganda kwenye feni hata haizunguki. Zenyewe huwaka vizuri, zikae dakika kumi, zizime ghafla. Si ugonjwa wa kutowaka huo. Prosesa hupata joto kupita kiasi na mtambo hujizima wenyewe usiungue. Dawa yake ni brashi na hewa. Wenye laptopu za namna hiyo hufika wakiwa wameshaambiwa wanunue mazabodi mpya.

Turudi kwenye kijimlango. Kipande cha ramu ni kibao cha kijani kisichozidi urefu wa kidole cha kati, kimeshikwa na vibanio viwili vya chuma, kimoja kila upande. Fundi alivisukuma vibanio nje kwa kucha za vidole gumba. Kibao kikainuka chenyewe, kikasimama kikiwa kimeinama, akakivuta polepole kwa kushika kingo zake. Ukingoni kina mstari wa miguu ya rangi ya dhahabu. Ni dhahabu kweli, nyembamba mno. Kwa ramu ya aina ya DDR3, kama hii, miguu ni 204, na mmoja tu usipogusa vizuri mtambo unaweza kukataa kuamka.

Alimpa msichana akitazame kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja dhahabu ilikuwa inang'aa. Upande wa pili ilikuwa imefifia, na ukungu wa kahawia umetanda. Unyevu wa miaka mingi, moshi wa jikoni, jasho la vidole vya mtu aliyewahi kukishika vibaya. Ukungu ulikuwapo tangu zamani, lakini kibao kilikuwa kimetulia mahali pake na kugusana kidogo kulitosha. Mtikisiko wa matatu ukakisogeza unywele mmoja.

"Una kifutio mfukoni?"

Msichana alikuwa nacho, kile cheupe cha penseli. Fundi akasugua miguu ile taratibu, kutoka ndani kwenda nje, upande mmoja kisha wa pili, akapuliza vumbi la kifutio lisibaki. Ukungu ukatoka kama masizi. Akakirudisha kibao kikiwa kimeinama, akakisukuma hadi mstari wa dhahabu ukazama, akakilaza mpaka vibanio vikasema ka! Sauti hiyo ni muhimu. Usipoisikia, hakijaingia.

Chaja. Kitufe. Feni.

Tiit. Mmoja, mfupi.

Na nembo ya kampuni ikatokea kwenye skrini.

Hapo wangeweza kushangilia wakaenda zao, lakini nembo ilipoondoka yalikuja maandishi meupe kwenye weusi: tarehe na saa hazijawekwa. Laptopu ilidhani ni Januari 1, 2008. Kwenye mazabodi kuna betri nyingine ya mviringo, inayofanana na sarafu, ambayo huendesha saa hata laptopu ikiwa imezimwa. Ya kawaida huitwa CR2032, na namba hizo si za bahati nasibu: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Hutoa volti 3. Ikiisha, laptopu husahau tarehe, na mambo ya ajabu huanza. Tovuti za benki na za serikali hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyao vya usalama vina tarehe ya kuanza, na kwa laptopu iliyoko mwaka 2008 vyeti hivyo bado havijazaliwa. Fundi alibadilisha betri hiyo. Ile kuukuu hakuiacha mezani. Aliifunga kwa utepe wa gundi pande zote akaitia kwenye mkebe wenye kifuniko, kwa sababu mtoto mdogo akiimeza huunguza koo lake kwa muda wa saa chache tu. Kama mna wadogo nyumbani, fanyeni vivyo hivyo, na ikitokea akaimeza, ni hospitali mara moja, si kusubiri asubuhi.

Baada ya hapo diski ikapatikana na mfumo ukaanza kuamka, polepole, ukijikagua kwa asilimia: kumi, kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Fundi aliinamisha sikio. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na nzima huvuma kwa sauti moja. Ikianza kugonga, tak, tak, tak, kichwa chake cha kusomea kimeshindwa kupata njia, na kila dakika unayoiacha iendelee unazidi kuiharibu. Hii ilivuma.

Mfumo ulipofunguka, msichana alitaka kuangalia insha yake kwanza. Fundi alimzuia.

"Kwanza flashi. Mambo mengine baadaye."

Hili mafundi hawalisemi vya kutosha. Laptopu iliyogoma ikafufuka haijapona, imekupa nafasi. Chaja inauzwa, ramu inauzwa, hata diski inauzwa. Picha za babu haziuzwi popote. Msichana alikaa kando ya fundi muda wote faili zikihamishwa, na fundi mwenyewe ndiye aliyemwambia akae, kwa sababu faili za mtu hazihamishwi mwenyewe akiwa hayupo. Picha za mazishi zilikuwa zote, pamoja na moja ambayo hakuna aliyeijua, ya babu akiwa hai, anacheka, amevaa kofia kinyumenyume.

Kisha wakazungumza kuhusu mfumo. Laptopu ilikuwa na Windows 10, ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa umri wake haiwezi kupokea Windows 11. Fundi alikuwa na maoni yake, nami namuunga mkono: laptopu ya umri huo isikimbizane na mifumo mipya ya kibiashara. Alimwekea Linux, mfumo wa bure ambao msingi wake ulianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, na ambao una matoleo mepesi yanayofaa mashine za kale. Diski ilikuwa tupu ya kutosha, picha ziko salama kwenye flashi, na kazi ikaisha kabla chai ya pili haijaletwa.

Malipo yalikuwa chaja iliyotumika, betri ya sarafu na ufundi. Kifutio kilikuwa cha msichana mwenyewe. Anko alipigiwa simu akaambiwa mazabodi haikuwa imeungua, akajibu kwamba ndivyo alivyokuwa akishuku tangu mwanzo.

Jioni hiyo, Kebirigo, laptopu iliwaka kwa mbonyezo wa kwanza, na msichana akaanza insha upya kwa sababu ile ya siku ya radi hakuwa ameihifadhi. Ndipo alipogundua kwamba herufi N ya kibodi, ambayo ilikuwa ngumu siku zote, sasa imekataa kabisa. Kibodi si sababu ya kurudi Kisii katikati ya wiki, kwa hivyo mwalimu wake Jumatatu alipokea ukurasa mzima ulioanza hivi: "Mimi i mwaafuzi kutoka kauti ya Yamira."